Agano la Wayahudi: jinsi ya kuliongoza swali hili jumuiyani bila mkutano kuvunjika

Siku hizi swali hili linaanzia kwenye simu. Mtu anatumiwa video fupi ya WhatsApp, mhubiri anapaza sauti kwamba Vatikano imetangaza Wayahudi hawamhitaji Yesu, na Alhamisi jioni inaletwa kwenye jumuiya ndogo ya Kikatoliki kabla hata rozari haijaisha. Mwingine anarukia hapo hapo: uongo, Wayahudi ndio waliomuua Bwana, Mungu akawatupa. Wa tatu, ambaye mumewe ni Msabato, anauliza kama agano la kale limekufa, mbona bado tunawakaririsha watoto Amri Kumi? Ukiwa katekista, mwenyekiti wa jumuiya au mwalimu wa CRE (somo la dini ya Kikristo shuleni), macho yote yanakugeukia.

Mimi ni mwalimu wa CRE mstaafu, na jumuiya yangu iko Manyatta, Kisumu. Nilizaliwa Vihiga katika boma la African Israel Church Nineveh, wale wa kanzu nyeupe na vilemba, nikaolewa kwa Wakatoliki. Ndugu yangu mkubwa ni mzee wa kanisa la PAG, la Kipentekoste. Kwetu watu wakikusanyika kwa matanga, madhehebu yote ya Magharibi yako kwenye turubai moja. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu anayelazimika kuongoza kikao na bado arudi kula na watu wale wale kesho yake.

Kwanza, mjue mnaulizana nini

Ugomvi mwingi hapa unatokana na watu wanne kujibu maswali manne, kila mmoja akidhani mwenzake hajasoma Biblia. Chukua karatasi ya manila, au mgongo wa kalenda ya mwaka jana, uyaandike kwa maandishi makubwa.

La kwanza: je, Mungu aliwakataa Wayahudi? La pili: je, sheria za Musa za tohara, vyakula, dhabihu na sikukuu bado zinambana anayemfuata Kristo? La tatu: je, Myahudi anaokolewa bila kumkiri Yesu? La nne: nchi ya Israeli ya leo ina uhusiano gani na ahadi za Biblia?

Bandika karatasi ukutani. Mtu akishika moto, muulize kwa heshima, "Mama, hapo unajibu la ngapi?" Utashangaa ni mara ngapi atanyamaza, atazame ukuta, kisha aseme, "La pili." Na yule aliyekuwa akimpinga alikuwa akijibu la kwanza.

Niliyaona haya vizuri kwenye matanga moja kule kwetu. Jenereta linanguruma, chai ya rangi imeshapoa kwenye sufuria, ndugu yangu amesimama na Biblia akisema agano la Mungu na Israeli ni la milele, na atakayelibariki taifa hilo atabarikiwa. Katekista wa kigango cha jirani naye amesimama upande wa pili anasema agano lile lilikwisha msalabani. Wamevutana mpaka waimbaji wakaanza kusinzia. Hatimaye shangazi yetu mmoja, Mkweka wa zamani asiyependa kelele, akamuuliza katekista: "Mwanangu, kwa hiyo unasema Mungu amewaacha watu wake?" Katekista akashtuka. "La, shangazi! Nimesema hatuchinji kondoo tena." Ndugu yangu akasema, "Kwani nani amesema tuchinje?" Watu wakacheka. Mmoja alikuwa kwenye swali la nne, mwingine kwenye la pili, na la kwanza, ambalo wote wawili walikubaliana, hakuna aliyeligusa.

Ukitaka kujua mapema Kanisa Katoliki limesimama wapi: la kwanza limejibiwa waziwazi, Mungu hakuwakataa. La pili lina jibu tangu mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15, na jibu ni kwamba Mkristo habanwi na desturi zile. La nne Kanisa halilifanyi kuwa jambo la imani. Jasho lote liko kwenye la tatu, nalo nitalirudia huko chini.

Kabla ya waraka wowote, someni Warumi 9 hadi 11

Zisomwe sura tatu nzima, kwa sauti, bila mtu kukatiza. Ni aya 90, na msomaji mzuri anazimaliza kwa kama robo saa. Usikubali mtu aruke kwenda kwenye aya anayoipenda. Gawa sura kwa wasomaji watatu, na kama mmoja ana tafsiri ya Union Version na mwingine ya Habari Njema, waache wasome kila mmoja yake. Masikio yakisikia jambo lile lile kwa sauti mbili yanakaza zaidi.

Mwambie kila msikilizaji ashike kitu kimoja tu: Paulo analia au anafurahi? Maana anaanza sura ya 9 akiwa na huzuni nyingi moyoni kwa ajili ya ndugu zake, na anasema bado wao wana maagano na ahadi. Sura ya 10 anaomba waokolewe. Sura ya 11 anauliza mwenyewe, "Je! Mungu aliwasukumia mbali watu wake? Hasha!" Na akifika aya ya 29 anasema karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake.

Anayetafuta humo aya ya kusema Injili haiwahusu Wayahudi hataipata. Anayetafuta aya ya kusema wametupwa ataikuta inakanushwa mwanzoni kabisa mwa sura ya 11. Mimi naona hapa ndipo kikao kinapopona au kinapoharibika. Jumuiya iliyosoma sura hizi tatu inaweza kubishana usiku kucha na isifike pabaya. Ambayo haijasoma itaumizana kwa dakika kumi.

Jambo lingine la kufanya siku hiyo: leta mche wa parachichi uliopandikizwa. Vitalu vya kando ya barabara ya kwenda Maseno vinayo kwenye makaratasi meusi. Ipitishe mkono kwa mkono, kila mtu aguse pale kwenye kiungo, palipofungwa ukanda wa nailoni, chini shina la kienyeji, juu kikonyo cha Hass, parachichi la kisasa. Kisha soma Warumi 11:17 hadi 24, juu ya mzeituni.

Kama kwenye jumuiya yako kuna mkulima, atakukatiza. Kwangu alinikatiza mzee mmoja wa Kajulu: "Mwalimu, huyu Paulo hajui kilimo. Sisi tunachukua kikonyo kizuri tunakipandikiza kwenye shina la kienyeji. Yeye anachukua cha mwitu anakibandika kwenye mti mzuri. Atavuna nini?" Usimnyamazishe, amekupa nusu ya somo. Mwambie asome mwenyewe aya ya 24, aone Paulo anavyokiri kwamba jambo hilo ni "kinyume cha asili". Paulo alijua. Kikonyo cha mwitu ni sisi: Mjaluo, Mluhya, Mkisii, Mkalenjin, na Warumi wenyewe waliopelekewa barua. Hatukuwa na lolote la kuuongezea mti ule. Na aya ya 18 inasema usijisifu juu ya matawi, kwa kuwa si wewe unayelichukua shina, bali shina ndilo linalokuchukua wewe.

Hapo muulize anayesema Mungu aling'oa mti wa Israeli akapanda Kanisa mahali pake: kikonyo hiki kinakula wapi, kama mizizi imekufa?

Lakini uwe mkweli pia kwa upande wa pili. Paulo anasema matawi mengine yalikatwa, na anataja sababu, kutokuamini. Ukiiruka aya ya 20 ili usiwaudhi watu, mtu wa PAG aliyekaa pembeni ataifungua kwa sauti na utakuwa umempa ushindi wa bure.

Waebrania 8:13 italetwa, jiandae

Mara nyingi inaletwa na mtu aliyekaa nyuma. Aya inasema Mungu kwa kutaja agano jipya amelifanya lile la kwanza kuwa kuukuu, na kilicho kikuukuu na kuchakaa ki karibu na kutoweka. Ni aya nzito na haifai kuizungukazunguka.

Rudisha watu nyuma aya tano, hadi Waebrania 8:8, uone mwandishi ananukuu nini. Ananukuu Yeremia 31. Kisha mfungue Yeremia mwenyewe. Agano jipya linaahidiwa kwa nani? "Na nyumba ya Israeli, na nyumba ya Yuda." Mataifa hayatajwi kwenye aya ile. Sisi tunaingia kwa mlango wa Kristo, kwenye jambo lililoahidiwa kwa wengine kwanza.

Kisha waombe watazame mazungumzo ya Waebrania yenyewe tangu sura ya 7 hadi ya 10: makuhani, hema, damu ya wanyama, dhabihu zinazorudiwa mwaka baada ya mwaka. Kinachosemwa kimechakaa ni utaratibu ule wa ibada. Kama Mungu amevunja upendo wake kwa uzao wa Ibrahimu, hilo Waebrania hawalisemi, na Warumi 11 inalikataa. Wakatoliki wengi wanasoma hivi, na Waprotestanti wengi pia. Wapo wanaosoma kwa ukali zaidi, wakisema agano lote la Sinai limekwisha na Kanisa ndilo Israeli sasa. Waruhusu waseme. Wana historia ndefu nyuma yao, na mababa wa Kanisa kadhaa wako upande wao.

Hapa nina neno kwa walimu wenzangu. Katika mtaala wa 8-4-4, kidato cha kwanza tulifundisha agano la Ibrahimu na la Sinai, kidato cha tatu tukamfundisha Yeremia, na katikati mtoto akakaa na wazo kwamba Agano la Kale ni nusu ya kitabu iliyopitwa na wakati. Mapema sana, huko Roma mwaka 144, Wakristo walimtenga Marcion kwa kutaka kulitupa Agano la Kale lote na Mungu wake. Mweleze mwanafunzi habari hiyo. Ataelewa kwamba Kanisa halikuwahi kukubali njia hiyo rahisi.

Kanisa limesema nini, na kwa uzito gani

Video nyingi zinapotosha kwa njia moja: zinaweka karatasi yoyote iliyotoka Roma kwenye kiwango kimoja. Wafundishe watu kuuliza, "Hii imesemwa na nani, na ina nguvu gani?"

Anza na wanachokijua tayari. Kila Ijumaa Kuu, kwenye sala kuu za waamini, tunawaombea Wayahudi, wa kwanza kulisikia Neno la Mungu, wazidi kulipenda jina lake na kuwa waaminifu kwa agano lake. Watu wamepiga magoti kwa maombi hayo miaka na miaka na hawajawahi kuyasikia. Waulize: tungewaombea wawe waaminifu kwa agano ambalo Mungu amelifuta?

Kisha nenda kwenye tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, lililopitishwa tarehe 28 Oktoba 1965 kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Namba 4 inasema Wayahudi bado ni wapendwa sana wa Mungu kwa ajili ya mababa, na kwamba wasielezwe kama watu waliokataliwa au kulaaniwa, kana kwamba Maandiko ndiyo yanayosema hivyo. Huo ni Mtaguso, ni uzito wa juu. Mkumbushe anayedhani hayo ni mambo ya Wazungu kwamba mwana wa Bungoma, Maurice Otunga, wakati huo Askofu wa Kisii, alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Mtaguso huo.

Maneno "agano ambalo halijafutwa" yalitamkwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mjini Mainz, Ujerumani, Novemba 1980, akizungumza na viongozi wa Wayahudi. Hiyo ilikuwa hotuba. Lakini mwaka 1992 Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 121, ikaandika kwamba Agano la Kale halijawahi kufutwa. Na mwaka 2013 Papa Fransisko akalirudia katika waraka wake Evangelii Gaudium, namba 247, safari hii akitaja waziwazi agano la taifa la Wayahudi. Kwa hiyo mtu hawezi kusema ni neno lililomponyoka papa mmoja.

Sasa swali la tatu. Desemba 2015 Tume ya Vatikano ya uhusiano na Wayahudi ilitoa waraka mrefu wenye jina linalotokana na Warumi 11:29. Ndio huu unaokatwakatwa kwenye video. Waraka wenyewe unasema mwanzoni kwamba si fundisho rasmi la Kanisa. Ni tafakari ya tume. Ndani yake kuna mambo matatu ambayo lazima yasomwe pamoja. Unakataa kabisa kwamba kuna njia mbili za wokovu, moja ya Wayahudi na nyingine ya Wakristo. Kristo ni mmoja kwa wote. Unasema pia kwamba Wayahudi wanashiriki wokovu wa Mungu, na kwamba jinsi hilo linavyowezekana bila kumkiri Kristo waziwazi ni fumbo la Mungu lisilochunguzika. Na unasema Kanisa halifanyi wala haliungi mkono kazi ya kitaasisi ya umisionari inayowalenga Wayahudi, ingawa Mkristo mmoja mmoja anaitwa kuishuhudia imani yake hata mbele yao, kwa unyenyekevu.

Mwenye video anachukua la pili na la tatu, anaacha la kwanza. Mkatoliki anayeona aibu naye mara nyingine anashika la kwanza tu na kuyaficha hayo mengine. Ukisoma yote matatu kwa sauti, moja baada ya jingine, utaona nyuso zinakunjamana, na hiyo ni dalili nzuri. Kanisa limeshika ncha mbili za kamba na halijaonyesha zinavyounganishwa katikati. Mimi naona ni afadhali kulisema hivyo kuliko kuwatengenezea watu jibu laini ambalo Roma yenyewe haijalitoa.

Kama mtu anadhani mambo haya hayachujwi, mpe mfano wa Marekani. Katekisimu ya watu wazima ya maaskofu wa huko, iliyotoka mwaka 2006, ilikuwa na sentensi iliyosema agano la Musa linabaki halali milele kwa Wayahudi. Mwaka 2008 maaskofu wale wale wakapiga kura kuiondoa, wakaweka mahali pake maneno ya Paulo katika Warumi 9. Kusema Mungu hajafuta mwito wake ni jambo moja. Kusema sheria ya Musa inatosha kumwokoa mtu bila Kristo ni jingine, na la pili hawakutaka lisomeke kwenye kitabu chao.

Wakikutajia mwaka 1442

Kuna kijana mmoja katika kila parokia siku hizi anayependa Misa ya Kilatini na amesoma mitaguso kwenye simu. Usimdharau, mara nyingi amesoma kuliko kamati nzima. Atakuambia kwamba Mtaguso wa Florence, mwaka 1442, ulifundisha kuwa desturi za sheria ya Musa zilikoma baada ya Kristo, na kwamba Papa Pius wa Kumi na Mbili mwaka 1943 aliandika kuwa kwa kifo cha Mkombozi Agano Jipya lilichukua nafasi ya Sheria ya Kale. Atauliza: ni nani sasa amebadilika?

Mpeleke kwenye karatasi ya ukutani. Florence na Pius walikuwa kwenye swali la pili. Yohane Paulo alikuwa kwenye la kwanza. Sheria ya ibada inaweza kukoma na mwito wa Mungu ukabaki. Wapo wataalamu Wakatoliki ambao jibu hili haliwatoshi, na hata Papa Benedikto wa Kumi na Sita, akiwa amekwisha kustaafu, aliandika mwaka 2018 kwamba msemo wa "halijafutwa" ni wa kweli kwa sehemu ila unahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwambie kijana hivyo. Atakuheshimu kuliko ukimwambia aache kusoma vitu vya zamani.

Wajue wageni wako

Jumuiya zetu zina waume, wakwe na majirani wa makanisa mengine, kwa hiyo usiwaweke wote kwenye kapu moja.

Wapentekoste wengi wamelelewa kwenye usomaji wa nyakati unaotokana na John Nelson Darby na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909: Israeli ina ahadi zake, Kanisa lina zake. Wanaipenda Israeli, bendera yake iko madhabahuni, lakini watakuambia bila kusita kwamba Myahudi asiyemwamini Yesu amepotea. Wasabato watakushangaza. Kwa kuwa wanashika Sabato utadhani wako upande wa Wapentekoste hapo, kumbe hawaoni nchi ya Israeli ya leo kuwa utimilifu wa unabii. Mtu wa ACK, yaani Mwanglikana, akiwa na kitabu cha sala, mwombe afungue kanuni ya 7 kati ya zile 39 za imani yao. Inasema Agano la Kale halipingani na Jipya, na kwamba sherehe za Musa hazimbani Mkristo ila amri za maadili zinambana. Mkatoliki hana la kubisha hapo.

Na sisi wa Nineveh? Zakayo Kivuli alianzisha kanisa lile mwaka 1942 na jina la Israeli likawa letu, likiimbwa kwa ngoma barabarani. Kanisa la Nomiya nao, tangu mwanzilishi wao Johana Owalo, wanatahiri watoto wao wa kiume. Mzee wa namna hii akisema "sisi ni Israeli", usianze kumrekebisha. Muulize anamaanisha nini. Marehemu mama yangu alikuwa akimaanisha kwamba Mungu aliyewatoa watumwa Misri anawajua pia watu wa Vihiga, na sijui ni nani angempinga.

Swali la nne lipe muda mfupi, hasa kama kuna habari za vita redioni. Waraka wa Vatikano wa mwaka 1985 ulisema kuwepo kwa nchi ya Israeli na siasa zake zitazamwe kwa misingi ya sheria za kimataifa, si kwa jicho la dini. Kama bado kuna joto, wasimulie kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa viongozi wa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, ardhi ya Uasin Gishu, hapo hapo Eldoret, wakatuma tume kuitazama, na mwaka 1905 mkutano wao ukakataa. Watu wakianza kubishana nani angehamishwa shamba, mtakuwa mmeshatoka kwenye unabii na mkaingia kwenye mambo mnayoyajua.

Maneno ya kuzuia, na igizo la Ijumaa Kuu

Kuna kauli moja ambayo mwongozaji asiiache ipite: "Wayahudi walimuua Yesu." Nostra Aetate inasema yaliyotendeka kwenye mateso yale hayawezi kubandikwa kwa Wayahudi wote wa siku zile bila kubagua, wala kwa Wayahudi wa leo. Katekisimu, namba 598, inaturudishia mzigo sisi wenye dhambi.

Hili halitoshi kulisema jumuiyani tu, kwa sababu vijana wetu wanaliigiza barabarani kila mwaka. Kaa nao wakati wa mazoezi. Utakuta "Wayahudi" ndio waliobandikwa ndevu za pamba na kupewa sauti za kuzomea, na askari wa Kirumi wanatembea tu kama walinzi wa benki. Rudisha mijeledi na misumari mikononi mwa Warumi, maana ndivyo Injili inavyosema. Kisha waulize vijana: Mama Maria ni kabila gani? Petro? Veronika mliyempa kitambaa? Wanawake wa Yerusalemu wanaolia? Wavalishe hao wote mavazi yale yale ya "Wayahudi". Ukifanya hivyo, mtazamaji wa Kondele hataweza tena kutenganisha wabaya na wema kwa nguo.

Na zungumza daima kama vile Myahudi yuko kwenye benchi. Si lazima aje kutoka mbali. Ukivuka Malaba tu, upande wa Mbale, kuna Abayudaya, Waafrika wanaoshika dini ya Kiyahudi tangu siku za Semei Kakungulu, mwaka 1919. Mtu wa Bungoma anaweza kukutana na mmoja sokoni. Kauli ambayo ungeona haya kumwambia huyo usoni, isisemwe kwenye sala ya jioni.

Kufunga kikao

Weka saa. Saa moja na nusu inatosha, na chai isitoke kabla ya wakati, maana mjadala wenye chai hauishi. Aliyebishana sana mpe yeye sala ya kufunga.

Mtu atakufuata mpaka langoni akuulize lile la tatu kwa sauti ya chini: Myahudi akifa leo bila kumkiri Yesu, anaenda wapi? Ndugu yangu huniuliza hivyo karibu kila tukionana. Mimi humjibu kwamba nakiri hakuna wokovu nje ya Kristo, kwamba Mungu hajawaacha watu wa Ibrahimu, na kwamba hukumu ya mtu mmoja mmoja sijapewa. Yeye huona nimekwepa. Kisha tunaendelea kuzungumza bei ya mahindi.

Juma linalofuata wape Wagalatia 3 na 4. Huko Paulo ni mkali kuliko kwenye Warumi, na habari ya Hajiri na Sara itawasumbua walioondoka wakidhani wameelewa. Usisome wewe. Mpe asome yule ambaye hakubaliani nawe, na mwambie siku tatu mapema ili ajiandae.